Njahi ya Mzazi: Historia ya Chakula cha Uzazi katika Meru na Embu

Chakula anachopewa mwanamke aliyetoka kujifungua hupikwa katika jamii nyingi kwa uangalifu ambao vyakula vingine haviupati, kwa kuwa kinatarajiwa kurudisha damu iliyopotea, kuteremsha maziwa na kumtia nguvu mtu ambaye uhai wa mwingine unamtegemea. Kusini mwa China, na miongoni mwa Wachina waliohamia Malaysia, Singapore na Indonesia, mojawapo ya vyakula vilivyopewa heshima hiyo kwa karne kadhaa ni kiota cha ndege mdogo anayefanana na mbayuwayu, ambaye hujenga kwa mate yake kwenye kuta za mapango ya Borneo na Java. Kiota hicho huloweshwa, hutolewa manyoya moja baada ya jingine, kisha hupikwa taratibu kwa mvuke pamoja na sukari, na wagonjwa, wazee na wazazi hukinywa kama mchuzi mwororo. Thamani yake imetokana na hatari ya kukiangua pangoni, na safari yake ndefu ya baharini, na bei ambayo ni wachache walioimudu.

Katika miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, wanakoishi Wameru, Waembu, Wambeere, Wachuka na Watharaka, chakula kilichobeba heshima ya namna hiyo hakikutoka ng'ambo wala hakikuhitaji fedha. Kilitoka katika shamba la mama mwenyewe na katika mashamba ya jirani zake: njahi iliyopondwa pamoja na ndizi mbivu, uji wa nafaka uliochachushwa, na supu ya mbuzi. Makala haya yanafuatilia historia ya vyakula hivyo, na hasa ya njahi, tangu kabla ya kufika kwa utawala wa Waingereza hadi wodi za hospitali za leo, na yanatetea hoja moja: kwamba njahi, ambayo soko na wataalamu wa kilimo wa enzi ya ukoloni waliipa kisogo, ilidumu kwa sehemu kubwa kwa sababu wanawake waliiweka mahali ambapo amri za serikali hazikufika kwa urahisi, yaani kando ya kitanda cha mzazi.

Mlima, mvua na mbegu

Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, umeugawa ukanda huu katika ngazi za kilimo zinazoshuka kutoka ukingo wa msitu hadi Mto Tana. Sehemu za juu za Imenti, Mwimbi, Chuka na Embu, zenye mvua ya kutosha na udongo mwekundu wa volkano, zilijulikana kwa ndizi, viazi vikuu na nduma. Ukanda wa kati ulikuwa wa wimbi, mtama na mazao ya jamii ya kunde. Na nchi za chini za Mbeere na Tharaka, ambako mvua ni haba na joto ni kali, zilitegemea mawele, mtama, mbaazi, kunde, mbuzi na asali. Tofauti hizo ziliwafanya watu wa juu na wa chini wategemeane, kwa maana kwamba mbuzi na asali vilipanda mlimani, na ndizi na nafaka zikateremka, hasa katika miaka ambayo mvua ilikosekana upande mmoja.

Njahi ilikuwa na makao katika sehemu kubwa ya ngazi hizo. Ni mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, wenye maua meupe au ya zambarau na maganda mapana, na punje zake, ambazo kwa kawaida ni nyeusi ingawa zipo pia za kahawia na za rangi ya maziwa, hutambulika mara moja kwa mstari mweupe uliochorwa ubavuni. Wameru huiita ncabi na Waembu huiita njavi. Kwenye Pwani ya Waswahili inajulikana kama fiwi, na kaskazini mwa Tanzania, katika masoko ya Arusha, huuzwa kwa jina la ngwara. Wataalamu wa mimea wameipa jina la Lablab purpureus, na jamaa zake wa mwituni bado huota katika Afrika ya mashariki na ya kusini. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi ambamo watafiti wa Kiafrika walioko Nairobi walikuwa na nafasi kubwa lilichapisha katika jarida la Nature Communications ramani ya urithi wa kibayolojia wa mmea huu, wenye kromosomu 11, likaonyesha kwamba aina zenye punje mbili katika ganda na zile zenye punje nne zilifugwa na wakulima kwa njia tofauti, wala hazikutokana na chanzo kimoja. Kwa hiyo njahi ni miongoni mwa mazao machache ya mikunde ambayo Afrika inaweza kuyadai kuwa yake tangu asili, tofauti na maharagwe ya kawaida, ambayo yaliletwa kutoka Amerika.

Uzito wa zao hili katika maisha ya watu wa mlimani unaonekana katika kalenda na katika majina ya mahali. Agikuyu, majirani wa Waembu upande wa magharibi na ndugu zao wa karibu kwa lugha, waliyaita majira ya mvua ndefu kwa jina la njahi na majira ya mvua fupi kwa jina la mawele, na mlima ambao Waswahili wanauita Kilimambogo wao waliuita mlima wa njahi. Watu hawapimi mwaka kwa zao wanalolihesabu kuwa dogo, na mahali hapapewi jina la punje isiyokuwa na maana katika maisha ya wakazi wake.

Mgawanyo wa kazi katika jamii hizi unaeleza kwa nini njahi iliingia katika mikono ya wanawake. Wanaume walifyeka msitu na kuvunja ardhi mpya, na kwa desturi mazao kama ndizi, viazi vikuu na miwa yalihesabiwa kuwa yao. Wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna na kuhifadhi nafaka na mikunde. Wakati misafara ya pwani ilipoanza kufika katika nchi hizi katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu, ilikula chakula ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa jasho la wanawake hao. Mmarekani William Astor Chanler, ambaye mwaka 1892 na 1893 aliufuata Mto Tana kutoka pwani akiwa na mwenzake wa safari Ludwig von Höhnel, alifika Tharaka na kwenye milima ya Nyambene, na msafara wake, kama ilivyokuwa misafara mingine ya wakati huo, ulisimama au kusonga mbele kulingana na chakula ambacho wenyeji walikubali kukiuza.

Kazi ya jikoni

Mapishi ya njahi ya mzazi ni kazi ndefu yenye hatua ambazo haziwezi kurukwa. Punje kavu huchambuliwa kwenye uteo ili kutoa mawe na zile zilizotobolewa na wadudu, kisha huoshwa na kuloweshwa usiku kucha. Asubuhi hubandikwa katika chungu kwenye mafiga matatu, na baada ya kuchemka kwa muda maji huwa meusi na machungu. Maji hayo humwagwa, mengine safi yakatiwa, na wapishi wengi huyamwaga hata ya pili kabla ya kuiacha njahi iive kwa moto wa wastani kwa saa kadhaa. Sayansi ya lishe imethibitisha busara ya hatua hiyo, kwa kuwa punje za njahi, hasa zile nyeusi, zina viini vichungu vinavyozuia mwili kunyonya madini, na pia zina viambato ambavyo vinaweza kutoa sumu ya sayanidi visipoondolewa kwa kulowesha, kuchemsha na kumwaga maji. Wanawake wa Meru na Embu hawakuwa na maabara, lakini ulimi wao ulipima uchungu, na kile walichokipima kikawa kanuni iliyopokezanwa kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Njahi inapokuwa laini kiasi cha kupondeka kwa vidole, ndizi mbivu zilizomenywa huongezwa, zikaiva pamoja nayo kwa muda mfupi, na vyote hupondwa kwa mwiko au kwa mchi hadi vishikamane kuwa chakula kizito chenye rangi ya kijivujivu na utamu wa asili. Chakula cha aina hii, ambacho vitu vilivyochemshwa hupondwa pamoja, kwa jumla hujulikana kama mukimo, na siku hizi mara nyingi hutiwa viazi mviringo, mahindi mabichi na majani ya maboga. Lakini sahani ya mzazi ilibaki karibu na umbo lake la kale la njahi na ndizi. Iko maana katika mchanganyiko huo ambayo haijatajwa vya kutosha. Njahi ilikuwa zao la mke na mgomba ulikuwa zao la mume, na hivyo chungu kimoja kiliunganisha mashamba mawili ya nyumba moja kwa ajili ya mtoto aliyekuwa wa wote wawili.

Pamoja na njahi ulipikwa uji, unaoitwa ucuru kwa Kimeru na kwa Kiembu. Nafaka, ambayo ilikuwa mawele, wimbi au mtama kabla ya mahindi kuenea, ililoweshwa na kusagwa ikiwa na maji juu ya jiwe la kusagia, na rojo lake likatiwa katika kibuyu na kuwekwa karibu na moto kwa siku moja au zaidi hadi lichachuke. Baadaye lilichujwa, likamiminwa katika maji yanayochemka, na kukorogwa bila kupumzika mpaka uji ukawa mzito na wenye kung'aa. Uchachu huo ulikuwa na faida mbili ambazo wataalamu wa leo wanazieleza kwa maneno yao: asidi inayozalishwa huzuia vijidudu vingi kukua, na uchachushaji hupunguza viini vinavyofunga madini ya chuma, hivyo mwili wa mama aliyevuja damu huyapata kwa urahisi zaidi. Chakula cha tatu kilikuwa supu ya mbuzi aliyechinjwa na mume, iliyochemshwa kwa muda mrefu pamoja na mifupa, na mara nyingi pamoja na magome au mizizi yenye uchungu iliyoaminiwa kusafisha tumbo la mzazi na kumtia joto.

Chakula hiki kiliandaliwa kwa kiasi kidogo na kupelekwa mara kwa mara, kikiwa vuguvugu, katika kibuyu kilichokatwa nusu. Mzazi hakutakiwa kusubiri njaa ili ale. Uji ulimpa maji ambayo mwili unayahitaji ili kutengeneza maziwa, njahi ilimpa protini, ambayo inakaribia robo ya uzito wa punje kavu, na supu ilimpa mafuta na chumvi. Wakunga wa kisasa husisitiza kwamba kinachoyaleta maziwa zaidi ya yote ni mtoto kunyonya mara nyingi, na desturi hii haikupingana na jambo hilo, kwa kuwa mama aliyelishwa na kupumzishwa alipata nafasi ya kunyonyesha bila kuitwa shambani.

Nyumba ya mzazi na deni la kuni

Mapishi hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja, na hapo ndipo ilipo tofauti yake kubwa na vyakula vya uzazi vinavyonunuliwa. Baada ya kujifungua, mwanamke alikaa ndani kwa siku kadhaa, na katika siku hizo kazi zake zote zilihamia kwa wengine: mama mkwe, wake wenza, dada na wanawake wa rika lake. Walimletea kuni, kwa sababu njahi hula kuni nyingi na nyumba ya mzazi ilitakiwa kuwa na moto mchana na usiku. Walimletea maji kutoka mtoni. Na walimletea uji katika vibuyu vilivyobebwa mgongoni. Agikuyu huliita tendo hili itega, yaani mchango wa wanawake kwa nyumba yenye mtoto mchanga, na katika Embu na Meru desturi ya namna hiyo ilifuatwa kwa misingi ileile.

Mchango huo ulikuwa zawadi na papo hapo ulikuwa deni. Mwanamke aliyepelekewa mzigo wa kuni alijua ni nani aliyeubeba, na siku ya mwenzake ilipofika alikwenda na mzigo wake bila kukumbushwa. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, lakini ilihifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, na mwanamke ambaye hakuonekana katika nyumba za wengine alijikuta peke yake katika nyumba yake. Kwa njia hiyo chakula cha uzazi kilikuwa bima ya wanawake kabla ya neno bima kujulikana, na kiliwafunga pamoja watu ambao hawakuwa wa ukoo mmoja, kwa kuwa wake walioolewa katika kijiji kimoja walitoka katika koo tofauti.

Jamii nyingine za Afrika Mashariki zina taratibu zinazofanana na hizo. Katika Pwani ya Waswahili mzazi hutunzwa kwa siku arobaini, akipewa uji uliotiwa pilipili manga. Na katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga humpa mtori, ambao ni mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Kila mahali chakula kikuu cha nchi hulainishwa, hutiwa joto na kuletwa na mikono ya wengine. Upekee wa Meru na Embu ni kwamba katika moyo wa utaratibu huo uliwekwa mmea wa mikunde ambao mbegu yake ilitunzwa na wanawake wenyewe. Mbegu zilizochaguliwa zilichanganywa na majivu ili wadudu wasiziharibu, zikahifadhiwa katika vibuyu ndani ya nyumba karibu na moshi wa jiko, na binti alipoolewa aliweza kwenda na mbegu za mama yake. Aliyeishika mbegu aliushika pia uwezo wa kumlisha mzazi.

Ukoloni, soko na maharagwe

Utawala wa Waingereza uliingia Embu kwa vita mwaka 1906, na kituo cha serikali kikawekwa Meru mwaka 1908. Kodi ya nyumba ilifuata, na kodi ikalazimisha fedha, na fedha ikalazimisha ama kazi ya kibarua au mazao yaliyokuwa na wanunuzi. Wanunuzi hao hawakuitaka njahi. Masoko ya nje na ya walowezi yalipendelea maharagwe ya kawaida, yenye punje za rangi moja na yanayopikika haraka, na Idara ya Kilimo iligawa na kuhimiza mbegu zake. Mwanahistoria Claire Robertson, ambaye mwaka 1997 alichapisha kitabu kuhusu wanawake na biashara katika Nairobi na maeneo yanayoizunguka, ameonyesha jinsi njahi, iliyokuwa zao la wanawake lililohusishwa na rutuba na uzazi, ilivyosukumwa pembeni na maharagwe ya biashara katika nchi ya Agikuyu na ya Wakamba. Shinikizo hilo lilivuka pia hadi Embu na Meru, ambako wakulima walikuwa chini ya idara hiyohiyo na walilipa kodi hiyohiyo.

Mabadiliko hayo yaliingia mashambani na mezani kwa pamoja. Mahindi meupe yalichukua nafasi ya mawele na wimbi, kwa kuwa yalihitaji kazi kidogo ya kufukuza ndege na yalikuwa na soko. Githeri ya mahindi na maharagwe ikawa chakula cha kila siku. Na njahi, ambayo hukaa shambani kwa muda mrefu zaidi kuliko maharagwe, ikahamia kwenye kingo za shamba na katikati ya mistari ya mahindi. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaruhusu Waafrika wa Meru na Embu, pamoja na wale wa Kisii, kulima kahawa, ambayo hapo awali ilikuwa haki ya walowezi, na mwaka 1935 sheria ya uuzaji wa mazao ya Waafrika iliweka biashara ya nafaka na mikunde chini ya usimamizi wa karibu zaidi. Kahawa ilichukua ardhi nzuri ya miteremko ya juu, ikachukua pia saa za kazi za wanawake, ambao walichuma buni ilhali malipo mara nyingi yaliandikwa kwa jina la mume.

Ni jambo la kutafakari kwamba katika miaka hiyohiyo wataalamu wa lishe walianza kuuona ubora wa chakula cha wanawake. Ripoti ya mwaka 1931 ya John Boyd Orr na John Gilks, iliyolinganisha afya ya Agikuyu na ya Wamaasai, ilitambua kwamba chakula cha wanawake wa Kikuyu kilitofautiana na cha wanaume wao, na kwamba wanawake walipata madini ya kalisi zaidi kutokana na majani ya mboga waliyoyala. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba jikoni za wanawake wa mlimani zilikuwa na maarifa yanayostahili kuchunguzwa, lakini sera ya kilimo iliendelea kuongozwa na mizani ya soko, na mizani hiyo haikuwa na jiwe la kupimia maziwa ya mama.

Hapa ndipo chakula cha uzazi kilipofanya kazi yake ya kihistoria. Zao lililopoteza nafasi katika chakula cha kila siku lingeweza kutoweka kabisa, kama zilivyopungua aina kadhaa za wimbi na mtama. Lakini kila nyumba ilitarajia mtoto, na kila mtoto alidai njahi. Mwanamke aliyepanda maharagwe kwa ajili ya kodi na mahindi kwa ajili ya tumbo alilazimika kubakiza mistari michache ya njahi kwa ajili yake mwenyewe, ya binti yake au ya jirani aliyemdai mchango. Uzazi uliifanya njahi iwe ya lazima hata ilipokosa faida ya fedha.

Dharura na vijiji vya lazima

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952. Wameru na Waembu, kama Agikuyu, walihesabiwa na serikali kuwa watu wa Mau Mau, harakati iliyopigana na utawala wa kikoloni, na kuanzia mwaka 1954 familia nyingi ziliondolewa katika miji yao iliyotawanyika na kuhamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Wanawake, ambao waume zao wengi walikuwa vizuizini, msituni au katika utumishi wa serikali, walilazimishwa kufanya kazi za pamoja, ikiwemo kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya, na waliruhusiwa kwenda mashambani kwa saa chache tu. Chakula kinachohitaji kuloweshwa usiku, kumwagwa maji mara mbili na kupikwa nusu ya siku hakipatani na amri ya kutotoka nje, na kuni zinazobebwa na jirani hazipatikani iwapo jirani naye yuko handakini.

Mwaka huohuo wa 1954 Mpango wa Swynnerton ulianza kuunganisha vipande vya ardhi na kuvisajili, kwa kawaida kwa jina la mwanamume mwenye nyumba, na kuhimiza kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa. Mpango huo uliongeza mapato ya familia nyingi za Meru na Embu, na ushahidi wake ni shule na nyumba zilizojengwa kwa fedha za kahawa. Hata hivyo, vipande vidogo vilivyotawanyika katika ngazi tofauti za mlima, ambavyo vilimwezesha mwanamke kuwa na njahi mahali pamoja na mawele mahali pengine, vilikuwa msingi wa aina nyingi za mbegu, na kuunganishwa kwake kulifupisha orodha ya mazao aliyoweza kuyatunza. Njahi ilipita katika miaka hiyo ikiwa imepungua, lakini ilipita.

Kutoka nyumbani hadi wodini

Uzazi wenyewe ulikuwa umeanza kubadilisha mahali pake kabla ya hapo. Mwaka 1922 Dk. Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alianzisha kazi ya tiba huko Chogoria, na hospitali za Wamethodisti na za Wakatoliki wa shirika la Consolata zikaongezeka katika Meru katika miongo iliyofuata. Mafunzo ya wakunga na usafi wa vyumba vya kujifungulia viliokoa maisha ya wanawake na watoto, na hakuna heshima kwa desturi inayopaswa kulificha hilo. Baada ya uhuru hospitali za serikali zilipanuka, na tarehe 1 Juni 2013, muda mfupi baada ya kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu kuanza kazi chini ya katiba mpya, serikali ya Kenya ilitangaza huduma ya kujifungua bila malipo katika vituo vya umma.

Wodi haikukiua chakula cha mzazi, bali ilikibadilisha chombo. Kibuyu kiliipisha chupa ya chai inayohifadhi joto, na wanawake waliokuwa wakiingia katika nyumba ya mzazi wakiwa na kuni wakaanza kuingia katika wodi saa za kutazama wagonjwa wakiwa na chupa za uji na vyombo vyenye njahi iliyopondwa. Unga wa uji nao umebadilika: badala ya nafaka moja iliyosagwa kwenye jiwe, familia nyingi hununua au kuchanganya wimbi, mtama, mawele, soya na njugu katika kinu cha sokoni, na uchachu unaotokana na siku mbili za kungoja mara nyingi huigwa kwa ndimu. Sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo kwa watoto wachanga imeimarisha wito wa kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, na wito huo, bila kukusudia, umeirudishia njahi hadhi yake, kwa kuwa anayetakiwa kunyonyesha anatakiwa kwanza kulishwa.

Hadhi hiyo inaonekana sokoni. Njahi, ambayo wanunuzi wa enzi ya ukoloni waliikataa, leo mara nyingi huuzwa kwa bei ya juu kuliko maharagwe ya kawaida, na sehemu ya mahitaji ya Kenya hutimizwa na ngwara inayovushwa mpaka kutoka Tanzania. Watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la KALRO na wa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Eldoret, wamefanya kazi ya kupata mbegu zinazokomaa mapema, kwa sababu mizizi mirefu ya njahi huiwezesha kustahimili ukame unaozidi kuzikabili nchi za chini za Mbeere na Tharaka, na mmea wenyewe huurudishia udongo naitrojeni na kuwapa mifugo majani. Sifa ambazo sayansi inazitaja leo ndizo zilizomfanya mkulima wa kale aitunze, ingawa yeye alizijumlisha katika sababu moja iliyomtosha, kwamba njahi humsimamisha mzazi.

Urithi na wajibu

Historia hii inarekebisha namna mbili za kawaida za kuufikiria urithi wa chakula. Ya kwanza hukipima chakula kwa uhaba na bei, kama ambavyo kiota cha ndege kimepimwa katika masoko ya Asia, ikasahau kwamba kuna vyakula vilivyopata heshima kwa wingi wa mikono iliyovishughulikia. Ya pili huichukulia desturi ya jikoni kuwa masalia yaliyobaki kwa bahati baada ya historia ya kweli, ile ya vita, kodi na ardhi, kupita. Njahi ya Meru na Embu haikubaki kwa bahati. Ilibakishwa na wanawake waliokuwa na ardhi kidogo na muda mchache, na ambao hawakuwa na kauli katika vyumba zilikotungwa sera za kilimo, lakini waliendelea kuamua ni chakula gani kinachomstahili mtu aliyetoka kuleta uhai.

Kutokana na hilo unafuata wajibu ulio wazi. Makumbusho ya Meru yamo katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, na ni haki kwamba mahali palipotoka amri za kodi na za mazao ya soko pahifadhi pia majina ya aina za njahi, hatua za kuipika na taratibu za michango ya kuni, vikisimuliwa na wazee wa kike ambao bado wanavikumbuka. Vituo vya afya vinavyowafundisha wazazi lishe vinaweza kuanza na chungu ambacho wanawake hao wanakijua, vikieleza kwa nini maji ya kwanza humwagwa na kwa nini uchachu wa uji una faida, badala ya kuwapa orodha za vyakula vya mbali. Na kaunti zinazogawa mbegu zinapaswa kuwahesabu wanawake waliozitunza aina za kale kuwa wataalamu wa kushauriwa, kwa sababu karne nzima ya ushauri kutoka juu ilielekea kuzipoteza mbegu hizo, na ni ushauri wa jikoni uliozihifadhi.